Ubavu wa Kibla

Nilirudi chuoni nikiwa na miaka thelathini na saba, baada ya kuwa nesi kwa miaka kumi na minne. Nalitanguliza hili ili msomaji asije akanihurumia kwa kudhani kwamba sikuwa najua. Nilikuwa najua. Mambo niliyoyafanya mwaka ule niliyafanya huku najua, na ndiyo maana mpaka leo nikiyakumbuka roho hunichafuka.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Masista wa Kizungu walikuwa wamekwisha kuondoka, na madaktari tuliowazoea wakaondoka mmoja mmoja, wengine bila ya kuaga. Wodi tukabaki nazo sisi wa hapahapa, tuliosoma mpaka darasa la nane kisha tukafundishwa kazi kwa vitendo. Na kazi tuliijua. Nilikuwa naweza kuingia wodini asubuhi nikajua kwa pua tu ni nani ambaye kidonda chake kimeharibika. Halafu ukaja waraka: manesi wenye cheti cha zamani warudi chuoni miaka miwili wakasomee cheti cha juu. Atakayefaulu vizuri huenda akapelekwa nje kusomea digrii. Asiyerudi atabaki pale alipo, chini ya wasichana ambao leo anawafundisha kushika sindano.

Sikurudi kwa kupenda elimu. Nilirudi kwa kiburi. Sikutaka msichana niliyemfundisha mimi kupima joto aje anitume maji ya kunawa.

Tulikuwa wanawake saba. Asubuhi tulikaa darasani, mchana tukipelekwa wodini kama wanafunzi, mikanda yetu ya unesi tumevuliwa, tumefungwa mikanda ya mwanafunzi. Wagonjwa walitucheka. Muuza samaki mmoja wa Malindi, aliyevunjika mguu, alinikodolea macho nikimtandikia shuka huku mwalimu ananiangalia.

"We bibi, si wewe uliyenipiga sindano mwaka juzi?"

"Ndiye mie."

"Na leo mwanafunzi? Umefanya kosa gani hata ukarudishwa darasa la kwanza?" Wodi nzima ikacheka, naye akazidi. "Basi sindano ile ilikuwa ya kubahatisha! Ndo maana nlichechemea wiki nzima."

Mwenzangu niliyekaa naye dawati moja, mwanamke mnene wa Kikwajuni aliyetoka wodi ya wazazi, akamjibu kwa niaba yangu: "Ngoja amalize masomo. Akikupiga ya cheti cha juu huchechemei, hutembei kabisa."

Mimi sikucheka. Nilitandika shuka nikiwa nimekasirika, na nikaapa moyoni kwamba mtihani ule nitaupasi mbele ya wote.

Nyumbani kwetu kulikuwa Mkunazini, chumba cha chini katika nyumba ya mawe, mimi na mama yangu. Mume tulikwisha kuachana, mtoto sikujaaliwa, na kaka yangu mmoja alikuwa bara akifanya kazi ya reli.

Mama yangu alikuwa mwosha maiti. Mwanamke akifa katika mitaa yetu, aliitwa yeye. Kazi hiyo ina sharti moja kubwa kuliko yote: unachokiona juu ya mwili wa maiti unakisitiri, unakwenda nacho kaburini mwako. Kamwe hakupata kutaja jina la mtu. Lakini nyakati nyingine alirudi, akaoga, akakaa kitako juu ya mkeka, akasema peke yake kama anayezungumza na ukuta, "Leo nimeosha mtu aliyelazwa kama gunia la karafuu. Nyama wazi. Na watoto anao." Akatema mate nje ya dirisha. Hakuna jambo lililomkirihisha kuliko hilo. Kufa, alikuwa akisema, ni amri ya Mungu. Kuoza kabla ya kufa ni amri ya walioko nyumbani.

Katika mwaka wangu wa pili wa masomo akapatwa na kiharusi. Upande wote wa kulia ukafa. Ulimi ukawa mzito, lakini akili yake ilibaki vilevile. Juma lile la mwanzo, nilipokuwa nikimfuta mgongo, alinishika kwa mkono wake mzima.

"Sikuombi nipone," akasema polepole. "Nakuomba kitu kimoja. Nisifike kwenye kitanda cha kuoshewa na ngozi iliyopasuka. Basi."

"Mama, mwanao nesi."

"Ndo nkakuomba weye."

Nikamwahidi. Ilikuwa ahadi rahisi kwangu kuliko ahadi zote nilizopata kumpa mtu.

Mdogo wake akaja kutoka Mangapwani kunisaidia. Nilimwita mama mdogo, kama nilivyomwita tangu utotoni. Alikuwa mkulima wa muhogo, hajui kusoma, mikono migumu, swala tano hazimpiti. Aliacha shamba lake akaja kulala juu ya mkeka pembeni ya kitanda cha dada yake. Mimi nilitoka asubuhi nikarudi magharibi. Kutwa nzima alikuwa naye yeye.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, kushoto, mgongo, kulia, ili nyama isibanwe baina ya mfupa na godoro. Ikibanwa mahali pamoja siku nyingi hufa, na ikifa huoza. Nilimwonyesha mama mdogo kwa vitendo namna ya kugeuza. Akaitikia, "Nshafahamu." Lakini kila niliporudi nilimkuta mama amelala ubavu wa kulia, uso ameuelekeza kaskazini, kwenye kibla.

"Mama mdogo, leo umemgeuza?"

"Nshamgeuza."

"Mbona yuko palepale?"

"Nlimgeuza, kisha nkamrudisha." Alisema kwa upole, kama anayemfahamisha mtoto. "Mtu wa hali hii humlazi akaipa kibla kisogo, mwanangu. Amri ikimkuta ghafla, je? Utamwambia nini Mola wake?"

Ningeweza kukaa naye tukazungumza. Sikukaa. Nilijiambia kwamba yeye ni mkubwa wangu, kwamba ameacha shamba lake kwa ajili yetu, kwamba jambo alilolishika ni la dini na mimi si mwanachuoni. Yote hayo yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu. Sababu ilikuwa daftari nililokuwa nimelishika mkononi. Mazungumzo yale yangechukua jioni nzima, na jioni zangu nilikuwa nimezihesabu kwa ajili ya kusoma. Basi nilimgeuza mama ubavu wa kushoto, nikamsugua kwa spiriti na poda kama tulivyofundishwa, nikakaa na vitabu vyangu. Baada ya kitambo nilisikia kitanda kinalia nyuma yangu: mama mdogo anamrudisha. Sikugeuza kichwa. Nilifungua ukurasa mwengine.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Mimi kushoto, yeye kulia, mama katikati. Upande ule wa kulia hakuwa akisikia maumivu. Ungemkata kwa kisu asingejua.

Juma moja mwalimu alitufundisha vidonda vya kulala. Alikuwa mwanamke wa bara, mdogo wangu kwa miaka kumi, aliyesoma ng'ambo. Mwalimu mzuri, sina la kumsingizia. Aliuliza nani ataonyesha namna ya kumgeuza mgonjwa aliyepooza. Nikanyoosha mkono. Mwenzangu wa dawati akalala kitandani ajifanye mgonjwa, akalegeza mwili, akatoa na ulimi nje. Nilipoingiza mikono chini ya nyonga yake akaninong'oneza, "Taratibu, mgonjwa huyu kala mandazi matano."

Nilimgeuza kwa namna ambayo hata shuka halikukunjika. Mwalimu akawaambia wengine, "Itazameni mikono yake. Hivi ndivyo inavyofanywa."

Nilifurahi. Nilitoka darasani nikitembea kama mtoto wa siku ya Idi. Na nilipokuwa natembea hivyo katika vichochoro vya Mkunazini, mama yangu alikuwa na saa kumi juu ya mfupa mmoja.

Siku ya Alhamisi nililiona. Juu ya nyonga ya kulia palikuwa na baka la ukubwa wa kisahani cha kikombe, jeusi kuliko ngozi yake, lina moto. Nilipolibonyeza kwa kidole halikubadilika. Mtihani wa mwisho ulikuwa Jumatatu. Mtu yeyote aliyefanya kazi yangu analijua baka lile na anajua lina siku ngapi kabla ya kupasuka. Ningeweza kwenda kwa mwalimu nikamwambia hali ya nyumbani, naye angeniruhusu. Lakini aliyekosa mtihani alirudia mwaka, na mwaka mwengine wa kuchekwa na wauza samaki sikuutaka. Nikajiambia baka litaondoka.

Mama alikuwa na mazoea ya kuniuliza kila nilipomaliza kumfuta. "Vipi huko nyuma?"

"Salama, mama."

Alhamisi ile aliniuliza vilevile, nami nikamjibu vilevile. Ijumaa vilevile. Jumamosi vilevile.

Jumapili asubuhi ngozi ilikuwa imefunguka. Niliisikia harufu kabla ya kuinua shuka. Harufu ile nilikuwa nimeisikia wodini mara zisizo na hesabu na haikupata hata siku moja kunitia kinyaa. Asubuhi ile nilitoka mbio mpaka kwenye mfereji wa uani nikatapika. Sikutapika kwa ajili ya mama. Nilitapika kwa sababu jambo la kwanza lililonijia kichwani, kabla ya huruma, kabla ya uchungu, lilikuwa hili: mwalimu asije akaja kutuzuru na kuona.

Nikajifuta mdomo, nikarudi ndani, nikasafisha kidonda, nikakifunga. Mama mdogo alikuwa amesimama na kata ya maji mkononi, ameduwaa.

"Nini hii tena?"

"Maradhi," nikasema.

Jioni sikusikia lile swali la mama. Nilisubiri aniulize, nimekwisha kulitayarisha lile jibu langu mdomoni, na hakuuliza. Alikuwa ameosha maiti kwa miaka thelathini. Harufu ile aliijua kunishinda mimi. Hakuniuliza tena mpaka alipokufa.

Jumatatu nilikwenda kwenye mtihani. Swali la tatu lilikuwa la vidonda vya kulala: sababu zake, dalili zake za mwanzo, na wajibu wa nesi katika kuvizuia. Niliandika kurasa mbili na nusu. Niliandika kwamba kidonda cha kulala ni aibu ya nesi na si aibu ya mgonjwa, kwa sababu mwalimu alipenda sentensi hiyo, nikaipigia mstari kwa rula.

Baada ya mtihani nilikaa nyumbani, sasa nafasi nilikuwa nayo. Madukani miaka ile hapakuwa na pamba wala spiriti, nikachukua vya wodini bila ya kumwomba mtu. Nilikisafisha kidonda mara nne kwa siku, nikamgeuza, na sasa nilimzuia mama mdogo asimrudishe. Nilimfokea, mimi niliyekuwa namheshimu mno wakati mdomo wangu ungefaa. Akalia. Sikumwambia kwamba kidonda kile kimeota palepale alipokuwa akimrudishia. Labda ilikuwa huruma. Nadhani ilikuwa hofu, kwamba nikimwambia hilo ataniuliza, nawe ulikuwa wapi?

Kidonda kikafika mfupani. Homa ikapanda. Daktari alikuja, akainua shuka, akanitazama, akalirudisha shuka. Siku ya kumi na moja baada ya mtihani, wakati wa alasiri, mama akafa.

Mwosha aliyekuja alikuwa mwanafunzi wa mama yangu, mwanamke mrefu wa Ng'ambo, sauti yake nzito kama ya mwanamume. Pazia likafungwa. Ndani tulikuwa watatu: yeye, mama mdogo wa kumwaga maji, na mimi. Akaupitisha mkono chini ya nguo kwa adabu aliyofundishwa na maiti mwenyewe. Mkono ulipofika nyongani ukasimama. Akaifungua bandeji polepole, akaangalia, akaifunika nguo.

"Huyu alikuwa akilazwa ubavu mmoja?"

Mama mdogo akaanza kulia. "Mie, dada. Mie nkimrudisha kibla. Huyu mwanangu akimpeleka kushoto, mie nnamrudisha. Nliogopa asije akafa kaipa kibla kisogo."

Mwosha akanigeukia mimi. "Na weye ukimwona anamrudisha?"

"Naam."

Akachota maji, akamwagia, akasugua bega. Kisha akasema, hata hakunitazama, "Si mngegeuza kitanda."

Sikumfahamu. Akanyoosha mkono unaochuruzika maji, akanionyesha. Kichwa kikiwa mashariki, ubavu wa kulia ndio unaoelekea kibla. Ukikizungusha kitanda, kichwa kikenda magharibi, ubavu wa kushoto ndio unaoelekea kibla.

"Kibla haihami," akasema. "Kitanda kinahama. Asubuhi huku, mchana kule. Mie nlimuuguza mavyaa wangu, mamake mume wangu, miezi saba hivyo, na alikuwa mkali wa dini kuliko nyote nyinyi. Kenda kwa Mola wake ngozi kama ya tumbo la samaki."

Kitanda chetu kilikuwa cha mbao cha kawaida. Watu wawili wanakizungusha bila ya kuhema. Mama mdogo angekubali papo hapo, angefurahi, kwani alichokuwa anataka ni kibla na si ubavu. Ningeweza kusema kwamba vitabu vyetu viliandikwa na watu ambao kibla haikuwa shida yao, kwa hiyo hawakuliandika. Lakini kibla mimi naijua. Nimeswali ndani ya chumba kile tangu nina miaka saba. Jambo lile halikuhitaji cheti cha juu wala cha chini. Lilihitaji mtu akae chini na mama yake mdogo, jioni moja, amsikilize anaogopa nini.

Siku ya tatu ya matanga, wanawake wamejaa juu ya mikeka mpaka uani, mwenzangu wa dawati akaja kutoka chuoni. Alikuwa amevaa buibui, na uso wake ulikuwa unashindana na furaha. Akaniinamia, akanipa pole, kisha akashindwa kujizuia.

"Matokeo yametoka. Umekuwa wa kwanza, mwenzangu. Wa kwanza!"

Habari ikapita kutoka mkeka hadi mkeka.

"Mashaallah. Marehemu kafa yu radhi na mwanawe."

"Mwosha huoshwa, lakini si kila mwosha huuguzwa na nesi wake mwenyewe ndani ya nyumba."

"Wengine tutakufa tumelala kama magunia," akasema bibi mmoja wa jirani, na wengine wakacheka kidogo, kicheko cha matangani. "Huyu kaenda zake laini, na manukato."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa tayari kusema. Nilihisi kidole gumba kinanibana kifundo cha mkono mpaka mfupani. Yule mwosha alikuwa amekaa nyuma yangu. Akaniinua kama anayenipeleka kunywa maji, akanitoa mpaka uani.

"Ulitaka kusema nini?"

"Kweli."

"Kweli ya nani? Kidonda kile kiko mwilini mwake, si mwako. Ukikitangaza, unayemvua nguo mbele ya watu ni yeye." Akaniachia mkono. "Ukitaka kujitia aibu, tafuta aibu yako nyengine. Hii si yako."

Nikarudi mkekani, nikakaa, wakaendelea kunisifu. Ndivyo ilivyokuwa kwa siku zilizobaki, na kwa miaka iliyofuata. Wanawake wa mtaani waliniletea binti zao niwashauri waingie unesi. "Muangalieni huyu," walisema, "alivyomuuguza mama yake." Mama mdogo alirudi Mangapwani, akafa huko akiamini kwamba ni yeye aliyemuua dada yake, kwa sababu sikuwahi kwenda kumwambia kwamba nilikuwa nasikia kitanda kikilia nyuma yangu. Kutoka mjini mpaka kwake ni safari ya asubuhi moja.

Sasa hakuna aliyebaki katika wale waliokuwemo nyuma ya pazia ila mimi. Sikuandika jina la mtu hapa. Sijui kama hiyo inatosha kumsitiri mama, au kama na hapa nimemvua nguo mara ya pili.

Kuhusu cheti, ningependa kuandika kwamba nilikikataa. Hata nilipokuwa nikiwaza kuandika haya, nilijaribu kichwani namna ya kuliandika hilo, na lilipendeza. Lakini nilikwenda. Nilifua sare yangu, nikaitia wanga, nikaipiga pasi, nikapanga foleni na wenzangu sita, nikaitwa wa kwanza, wakanipigia makofi. Tulipigwa picha kwenye ngazi za chuo. Picha ile ninayo. Nimesimama katikati, nimeshika karatasi kifuani, nacheka mpaka jino la mwisho linaonekana.